Kutoka Ziwani Kwenda Kucheza Gofu Milimani: Mwongozo Kamili kwa Mchezaji wa Mwanza

Ushauri mwingi unaosambaa kuhusu gofu ya milimani umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetoka pwani. Unamwambia kwamba mpira wake utaruka mbali zaidi kwa asilimia 8 au 9 akifika kwenye viwanja vya mita 2,200 na zaidi, kwa hiyo apunguze fimbo, yaani achukue ya umbali mfupi zaidi. Mchezaji wa Mwanza akiufuata ushauri huo kama ulivyo, mipira yake yote itaanguka kabla ya grini (eneo la nyasi fupi lenye shimo na bendera), na hatajua kwa nini.

Sababu ni kwamba Mwanza yenyewe iko juu. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mipira unayopiga kandokando ya ziwa tayari inaruka asilimia 4 hivi zaidi ya ile ya Dar es Salaam au Mombasa. Kinachokuhusu ni tofauti kati ya ziwa na mlima unaoendea. Tofauti hiyo ni ndogo, na asubuhi ya baridi inaweza kumezwa karibu yote. Ukilielewa hili vizuri utaokoa mikwaju mingi kuliko ukinunua draiva mpya, ile fimbo ya mikwaju mirefu kuliko yote.

Pima umbali wako hapa hapa ziwani

Hesabu ya mlimani haina maana kama hujui umbali wako wa nyumbani. Wengi wanaujua ule mkwaju wao mmoja uliowahi kwenda mbali kuliko yote, nao hausaidii kitu.

Chagua asubuhi tulivu, kabla upepo wa ziwa haujaanza kuvuma kuelekea nchi kavu. Piga mipira 20 kwa kila fimbo, na iwe mipira ya aina ile ile utakayochezea, kwa sababu ile iliyochakaa ya mazoezi huruka umbali mfupi zaidi. Weka kando mitano iliyofika mbali kuliko yote na mitano iliyoishia karibu kuliko yote, kisha chukua wastani wa ile 10 ya katikati. Pima mahali mpira ulipogusa ardhi mara ya kwanza. Mahali mpira ulipoishia hapafai kwa kipimo, kwa sababu mbio za mpira chini hutegemea ugumu wa udongo wa siku ile, wakati mruko wa angani ni wako na fimbo yako. Andika pia joto la siku hiyo. Kwa Mwanza mara nyingi litakuwa kati ya nyuzi 24 na 28.

Uzuri wa ziwa ni kwamba pwani yake yote iko kwenye kimo kimoja. Umbali ulioupima Mwanza utakufaa bila kubadilisha chochote Kisumu, na kule Uganda, Entebbe na Kigo. Ukitaka kujaribu hesabu zako kwenye kiwanja kamili kabla ya kupanda mlima, hayo ndiyo maeneo ya kwenda.

Hesabu ya kimo na hesabu ya baridi

Kwa kukadiria, kila mita 100 unazopanda huongeza mruko wa mpira kwa asilimia 0.4 hivi. Chukua kimo cha kiwanja unachokwenda, toa 1,134, gawanya kwa 100, zidisha kwa 0.4.

Arusha mjini iko kwenye mita 1,400 hivi. Tofauti yake na Mwanza haifiki mita 300, yaani asilimia 1: mkwaju wa mita 150 unaongezeka mita moja na nusu. Mlima Meru unauona juu ya kichwa chako, lakini kwa mpira wako huko bado ni kama nyumbani. Moshi inashangaza zaidi. Mji uko chini ya mita 1,000, kwa hiyo mchezaji wa Mwanza anayekwenda kucheza chini ya Kilimanjaro anashuka, na mipira yake itapungua kidogo. Tumeona watu wakipunguza fimbo Moshi kwa sababu tu theluji inaonekana.

Mabadiliko ya kweli yako Kenya na kusini magharibi mwa Uganda: Kericho na Nandi Hills kwenye mashamba ya chai, Nanyuki, miinuko ya juu ya Naivasha, Limuru, na Kabale kwa anayepitia Bukoba na Mutukula. Sehemu nyingi za maeneo hayo zina mita 1,900 hadi 2,300. Kutoka ziwani ni ongezeko la asilimia 3 hadi 4 na kidogo. Aeni 7 yako (fimbo ya chuma ya umbali wa kati) ya mita 130 inakuwa 135. Draiva ya mita 200 angani inakuwa 208. Weji fupi, yaani fimbo za mikwaju ya karibu inayopaa juu, haziongezeki sana, kwa hiyo chini ya mita 80 usibadilishe kitu.

Sasa ongeza baridi. Hewa baridi ni nzito, na mpira wenyewe ukipoa haurudishi nguvu vizuri. Kwa draiva, kila nyuzi 3 zinazoshuka hukunyang'anya karibu mita moja. Kwa aeni za kati ni kama nusu ya hapo. Asubuhi ya Julai Limuru inaweza kuwa na nyuzi 10. Kama ulipima umbali wako Mwanza kwa nyuzi 28, umepoteza nyuzi 18, yaani mita 6 za draiva. Kimo kilikupa 8, baridi imechukua 6, umebaki na 2. Jua likipanda na joto likafika nyuzi 22, baridi inachukua mita 2 tu na faida ya kimo inarudi kuwa 6. Ndiyo maana mchezaji yule yule, na fimbo ile ile, anaishia kabla ya grini kwenye shimo la 2 na kuivuka kwenye shimo la 14. Kanuni rahisi ya kushika ni hii: mashimo sita ya mwanzo, ukianza mapema, cheza kwa umbali wa Mwanza, baada ya hapo anza kuingiza ongezeko la kimo.

Hewa nyepesi ina athari nyingine ambayo haiko kwenye namba za umbali. Mzunguko wa mpira haupati hewa ya kutosha ya kushika, kwa hiyo mpira hauinuki sana, haupindi sana, na unatua ukiwa umelala zaidi. Mpira unaokimbilia kulia utapinda kidogo kuliko kawaida yako, hilo ni jema. Ubaya ni kwamba kwenye grini ngumu hautasimama upesi. Kiangazi, panga kutua mita 3 au 4 kabla ya pale ambapo ungetua nyumbani.

Kuchagua msimu, hoteli na saa ya kuanza

Januari na Februari ndiyo miezi tunayoipendekeza kwa milima ya Kenya. Ardhi imekauka, ukungu ni mchache, na asubuhi baridi yake inavumilika. Machi hadi Mei ni masika: feawei (njia za nyasi zilizokatwa kuelekea grini) zinalowa na viwanja vingine hukataza vigari kabisa. Juni hadi Agosti hakuna mvua nyingi sana Limuru, lakini ukungu na manyunyu vinaweza kukaa hadi saa 4 asubuhi. Kericho ni habari tofauti, kwani huko mvua hunyesha karibu mwaka mzima, mara nyingi baada ya mchana, na mvua ya mawe ni jambo la kawaida.

Kabla ya kulipia chumba, piga simu hotelini na uulize mambo yafuatayo, kwa sababu tovuti nyingi hazisemi:

- Kiwanja kina mashimo mangapi? Hoteli za milimani mara nyingi zina 9 tu. Kile cha Mount Kenya Safari Club pale Nanyuki, kwa mfano, ni cha mashimo 9, na ukitaka 18 unazunguka mara mbili.
- Ada ya kiwanja imo kwenye bei ya chumba? Kuna bei ya wakazi wa Afrika Mashariki? Kama ipo, uliza wanahitaji kitambulisho gani.
- Kedi (mbeba fimbo) ni lazima? Analipwa wapi, ofisini au mkononi?
- Wanataka cheti cha hendikapu (namba ya kiwango chako cha uchezaji)?
- Kuna mashindano siku hiyo? Wikiendi nyingi viwanja hufungwa kwa wageni nusu ya siku.

Ukishapata siku, omba kuanza kati ya saa 2:30 na saa 3:00 asubuhi. Mapema kuliko hapo umande bado uko kwenye grini, vidole havihisi mshiko wa fimbo, na mpira unakuwa mzito. Ukichelewa sana, mvua ya radi ya alasiri itakukuta shimo la 15. Mzunguko wa watu wanne hutumia saa nne na nusu milimani, hivyo utamaliza kabla ya saa 8 mchana.

Anayekwenda kwa gari kupitia Sirari ahesabu siku nzima ya safari hadi Kericho, ikiwa ni pamoja na mpakani, na asipange kucheza siku ya kufika. Beba pasipoti, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na bima ya gari inayovuka mpaka. Usiache mipira kwenye buti usiku. Ilaze chumbani pamoja nawe ili uanze na mpira wenye joto. Kuipasha mpira joto kwa makusudi ili uruke zaidi ni kinyume cha sheria, lakini kuulaza ndani hakuna ubaya.

Mwili na mfuko

Kutembea mashimo 18 ni kilomita 8 hadi 10 kwenye tambarare, na milimani miguu itahisi zaidi ya hapo. Mwanza imejaliwa vilima vya kufanyia mazoezi. Wiki nne kabla ya safari, panda Bugando au zunguka Capri Point mara tatu kwa wiki, dakika 45, ukiwa na begi lenye kilo 6 hadi 8 mgongoni. Pumzi siyo tatizo kubwa kwa anayetoka mita 1,134, ila kwenye tii (mahali pa kuanzia kila shimo) za juu utasikia moyo ukienda mbio. Mkwaju unaopigwa ukiwa unahema hauna mizani. Ukifika kwenye mpira baada ya kupanda, vuta pumzi tano za polepole kabla hata ya kutoa fimbo.

Mfuko uruhusu fimbo 14, si zaidi. Kama ulikuwa unabeba fimbo mbili ndefu za mbao, acha moja uweke weji ya nyuzi 56 au 58 yenye kitako kipana, kwa sababu utaihitaji kwenye nyasi nzito na udongo laini. Mipira 12 inatosha. Glavu mbili, moja ikilowa unabadilisha. Taulo mbili. Sweta jepesi na koti la kuzuia upepo ni bora kuliko jaketi moja nene linalobana mabega. Kama lazima uvae nzito, jua kwamba mzunguko wa mwili umepungua na uchague fimbo ndefu kwa moja. Kofia na mafuta ya jua ni lazima hata kukiwa na ubaridi, kwani miale ya jua inayounguza ngozi huongezeka kwa asilimia 10 hivi kwa kila mita 1,000. Maji, angalau lita moja na nusu.

Siku ya kwanza: pima miinuko kwa chupa ya maji

Mlimani macho hudanganya, na hakuna kinachodanganya kama tii iliyo juu ya grini. Vipimo vya leza vyenye hesabu ya mwinuko vipo, lakini kwa sheria za kawaida za mashindano hiyo sehemu ya mwinuko lazima izimwe. Kwa hiyo kazi ya kupima inafanywa siku ya mazoezi, unaandika kwenye daftari, na siku ya mashindano unasoma ulichoandika.

Unahitaji chupa ya maji iliyo angavu, yenye maji hadi nusu, na bendera ya shimo. Mlingoti wa bendera wa kawaida una urefu wa mita 2.1 hivi; mwulize kedi au upime mmoja.

1. Simama kwenye tii. Inua chupa mbele ya jicho mpaka uso wa maji uonekane kama mstari mmoja mwembamba. Mstari huo ndio usawa wa jicho lako.
2. Angalia kule grini kupitia mstari huo. Kama grini iko chini, kutakuwa na nafasi kati ya mstari na kitako cha bendera.
3. Hesabu bendera ngapi zingepangwa moja juu ya nyingine kujaza nafasi hiyo. Tumia ncha ya kidole gumba kupima bendera moja, kisha ushuke nacho.
4. Zidisha idadi kwa 2.1, halafu toa mita 1.6, ambayo ni kimo cha jicho lako kutoka ardhini.

Ukipata bendera 9, ni mita 18.9, toa 1.6, grini iko takriban mita 17 chini yako. Kama grini iko juu, mstari utapita chini yake: hesabu bendera kutoka kwenye mstari kwenda juu hadi kitako cha bendera halisi, na ongeza 1.6 badala ya kutoa.

Sasa hesabu ya fimbo inakuwa nyepesi. Mteremko wa mita moja hupunguza umbali kwa mita moja, na mpando wa mita moja huongeza mita moja. Kwa weji, ambayo mpira wake unashuka wima, punguza kidogo. Kwa draiva ongeza kidogo. Chukua shimo la mita 140 lililo chini kwa mita 17: 140 kutoa 17 ni 123. Ni mchana, kimo kinaongeza asilimia 4, kwa hiyo gawanya kwa 1.04, unapata 118. Huo ndio umbali wa Mwanza wa kuchagulia fimbo. Shimo hilo hilo lingekuwa juu kwa mita 12, ungepata 152, na baada ya kugawanya, 146. Tofauti ya kati ya 118 na 146 ni karibu fimbo tatu, na kibao pale tii kinasema 140 kote kuwili.

Fanya kipimo hiki kwenye mashimo mafupi ya pari 3 (yanayotarajiwa kumalizwa kwa mikwaju mitatu) kwanza, maana huko ndiko kosa la fimbo linaadhibiwa moja kwa moja.

Kupiga mpira ukiwa kwenye mteremko

Hapa ndipo mizunguko mingi ya milimani huharibika. Tunaeleza kwa anayepiga kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze pande.

*Mpira uko juu ya miguu.* Mpira utaelekea kushoto, na kadiri fimbo inavyokuwa na mlalo mkubwa ndivyo inavyovuta zaidi; weji huvuta kuliko aeni 5. Shika fimbo chini kwa sentimita 2 hadi 3, simama wima zaidi, uzito uwe mbele kidogo vidoleni ili usirudi nyuma. Lenga kulia. Kwa mteremko wa kawaida na aeni 8, mita 8 hadi 10 kulia kwa umbali wa mita 120 ni makadirio mazuri ya kuanzia. Kosa linaloonekana sana ni kulenga kulia halafu, mwili ukiwa katikati ya mkwaju, kuogopa na kuurudisha kushoto. Amini mteremko.

*Mpira uko chini ya miguu.* Huu ndio mgumu kuliko yote. Mpira huelekea kulia, na wengi huugonga utosini kwa sababu mwili huinuka. Panua miguu, piga magoti zaidi, weka uzito visiginoni, na shika fimbo hadi mwisho wake. Zungusha kwa mikono na mabega tu, robo tatu ya nguvu, na magoti yabaki yamepinda mpaka mpira uondoke. Chukua fimbo moja zaidi kufidia nguvu uliyopunguza.

*Mpando, mguu wa mbele uko juu.* Mabega yafuate mteremko. Kwa kufanya hivyo uso wa fimbo unalala zaidi: aeni 7 inapaa kama aeni 8 au 9, kwa hiyo chukua fimbo moja au mbili zaidi. Mpira una tabia ya kwenda kushoto kwa kuwa uzito haupiti mbele kirahisi. Malizia ukiwa umeuacha uzito nyuma. Ukijilazimisha kwenda mbele utachimba ardhi.

*Mteremko, mguu wa mbele uko chini.* Mabega yafuate mteremko vilevile, mpira uwekwe nyuma kidogo kuelekea mguu wa kulia. Uso wa fimbo unasimama, aeni 8 inatoka kama aeni 7, chini na kwa mbio. Chukua fimbo fupi kwa moja. Baada ya kugonga, kichwa cha fimbo kifuate ardhi kushuka. Ruhusu mguu wa kulia upige hatua mbele kama unataka. Anayejaribu kuunyanyua mpira hapa hugonga udongo nyuma yake.

Ukiwa Mwanza, tafuta mteremko wenye majani, weka mipira laini ya sponji, na upige 10 kwa kila namna kati ya hizi nne, kila siku kwa wiki mbili. Usitafute umbali. Sikiliza tu kama fimbo inagusa mpira kwanza kabla ya ardhi.

Jambo moja kuhusu kulenga kutoka tii: feawei iliyolala upande huurudisha mpira bondeni. Lenga nusu ya juu, hata ukingo wa juu, na uache ardhi ikuletee mpira katikati. Ukilenga katikati utamalizia kwenye rafu (nyasi ndefu za pembeni) ya chini, au ng'ambo ya mstari mweupe, nje ya mipaka ya kiwanja. Ukihisi mpira umepotea bondeni, tangaza na upige mpira wa akiba kabla ya kuondoka. Muda wa kutafuta ni dakika 3 tu, na kupanda tena kurudi tii kunachosha wewe na wanaosubiri nyuma.

Nyasi za kikuyu

Nyasi hizi asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na utazikuta kwenye viwanja vingi vya huko. Zina majani mapana na mashina yanayotambaa na kufumana. Kwenye feawei zinaunyanyua mpira na kuuweka juu kama umewekewa kigingi, raha tupu: gonga safi, bila kuchimba. Kwenye rafu ni adui. Mashina hukamata shingo ya fimbo na kufunga uso wake, mpira unatoka chini na kushoto. Kaza vidole vitatu vya mwisho vya mkono wa kushoto, fungua uso wa fimbo kidogo kabla ya kushika, shusha fimbo wima. Mpira ukizama kabisa, weji kurudi feawei. Fimbo ndefu kuliko aeni 8 kwenye rafu ya namna hii ni kupoteza mkwaju.

Karibu na grini, ule mpira wa kubingirisha ambao umezoea nyumbani hautafaa. Kikuyu huushika na kuusimamisha pale pale. Rusha mpira utue moja kwa moja ndani ya grini, hata kama ni mita moja tu kupita ukingo. Kama hakuna nafasi ya kufanya hivyo, chukua fimbo ya kuputi (ya kubingirisha mpira kwenye grini) na upige kwa nguvu mara mbili ya unavyodhani.

Kusoma grini

Anza kuisoma ukiwa bado mita 40 nyuma. Ukishafika juu yake umechelewa, kwa sababu ardhi yote inayokuzunguka imeinama na jicho limeshaikubali kama tambarare. Grini inayoteremka kidogo ndani ya mlima unaoteremka sana huonekana kama inapanda. Unaputi kwa nguvu, na mpira unavuka mita 3. Kutoka mbali tafuta vitu viwili: bonde kuu liko wapi, na maji ya mvua huiacha grini kwa upande gani. Mpira utaelekea huko isipokuwa una sababu nzito ya kukataa.

Kisha tembea upande wa chini wa mstari wako, polepole, ukisikiliza nyayo. Nyayo hutambua mwinamo ambao macho yamekataa. Na hapa kedi anastahili malipo yake yote. Swali zuri halihitaji namba: "Mzee, hapa mlima unavuta wapi?" Akikuonyesha mahali pa kulenga panapoonekana kichekesho, papige hapo hapo mara moja kabla hujabishana naye.

Mwelekeo wa majani nao una nguvu. Yakikuonyesha mng'ao, yamelala kuelekea unakopiga, mpira utakimbia. Yakiwa meusi-meusi, yamelala kukukabili, mpira utasita. Mashimo mawili ya mwanzo puti kwa ajili ya kujifunza mwendo, lengo likiwa kuacha mpira ndani ya nusu mita. Na kila unapopiga kutoka feawei, ubakize mpira chini ya shimo. Puti ya mita 3 ya kupanda ni rahisi kuliko ya mita moja na nusu ya kushuka.

Hendikapu kwenye kiwanja kigumu

Tangu 2020 mfumo wa hendikapu ni mmoja duniani, na namba yako hubadilika kulingana na ugumu wa kiwanja. Chukua hendikapu yako, zidisha kwa kipimo cha ugumu (Slope Rating) kilichoandikwa kwenye kadi, gawanya kwa 113, kisha ongeza au toa tofauti kati ya kipimo cha kiwanja (Course Rating) na pari ya kiwanja chote. Mwenye 18 kwenye kiwanja cha 130 anapata karibu 21 kabla ya tofauti hiyo. Chukua mikwaju yako yote; ni haki yako, na miinuko itaidai.

Vigari, radi na mvua

Kigari kishuke mteremko kikiwa kimenyooka, mguu kwenye breki tangu juu. Kukigeuza katikati ya mteremko, hasa kwenye nyasi zenye umande, ndiko kunakopindua watu. Miguu yote ibaki ndani.

Wakazi wa ziwa wanaijua radi, ila huku wengi tumeizoea ikija usiku au alfajiri kutokea majini. Milimani huja mchana, na wingu linaweza kujengeka nyuma ya kilele usilione. Ukisikia ngurumo, inatosha. Sheria inakuruhusu kusimamisha mchezo mwenyewe ukiamini kuna hatari ya radi, hata kabla king'ora hakijalia, na king'ora kikilia unaacha hapo hapo, hata kama umebakiza puti moja. Weka alama kwenye mpira, acha fimbo, kaa mbali na mti mrefu uliosimama peke yake, na usikimbilie kibanda kilicho wazi kileleni. Jengo au gari lenye paa la chuma ndiyo mahali salama. Kigari cha gofu si salama. Mwamvuli ufungwe. Subirini dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Mkirudi baada ya mvua, kiwanja kimebadilika. Grini zimepungua mwendo, mpira unasimama unapotua, na ile mita 3 au 4 uliyokuwa unapunguza uirudishe. Mpira ukizama kwenye tundu lake lenyewe popote nje ya grini, bunka (mashimo ya mchanga) na maeneo ya adhabu, una haki ya kuuinua, kuusafisha na kuudondosha kutoka usawa wa goti bila adhabu. Kwingineko, udongo mwekundu ukigandia upande mmoja wa mpira na hakuna kanuni ya siku ya kuruhusu kusafisha, tarajia utaruka kuelekea upande usio na tope: tope likiwa kulia, lenga kulia zaidi.